Karatasi Yenye Kidole cha Baba

Barani,
Malindi.
21 Agosti, 1988

Mpendwa kaka yangu Kahindi,

Salamu zangu zikufikie huko masomoni Pune, wewe na wenzako mnaokaa chumba kimoja. Natumai mwili haujambo, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mwaka huu jifunike vizuri, wala usikae na viatu vilivyolowa kama ulivyozoea ulipokuwa ukitoka shule na kukimbilia kwenye mpira. Mimi ni mdogo wako, lakini hilo nakuambia.

Sisi huku tu wazima wa kuhesabika. Mama anakula, ingawa kila nikienda kwetu Jilore inanilazimu nimkalie mbele mpaka sahani iishe. Goti lake la kushoto limeanza tena. Mahindi ya Jilore yametoka vizuri, na nyani wamekula fungu lao kama kawaida. Mimi nimekonda kidogo, na kazini wanasema siku hizi nimekuwa kimya. Wewe unanijua, kaka, ukimya si sifa yangu.

Barua yako ya Julai nimeipata. Nilidhani nitakuta kurasa, nikakuta mstari mmoja: je, baba alisema neno lolote juu yangu kabla hajafa? Basi. Hata jina lako hukulitia chini. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa posta, watu wananipita huku na huku, mpaka askari wa pale akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Kaka, alisema. Alisema mengi, yakaandikwa, na mimi nikayapoteza. Hilo ndilo neno nililolilalia tangu mwezi wa sita, na leo nimelitoa, maana mficha uchi hazai. Sasa kaa kitako nikueleze tangu mwanzo. Usipoielewa ile mashine hutalielewa kosa langu, na utaniona mjinga kuliko nilivyo.

Nilikuandikia kwamba nimepata kazi ya kupiga taipu katika mradi wa mikorosho hapa Malindi. Nisilokuandikia ni kwamba mwaka jana wafadhili walituletea kompyuta. Si kubwa, unaweza kuibeba kama debe la maji. Ina uso wa kioo kama televisheni ndogo, na ukiiwasha kioo kinakuwa cheupe, ukaona meza. Ndiyo, meza, imechorwa humo ndani! Pembeni mwa meza kuna vipicha vidogo, na kila kipicha ni kitu: hiki karatasi, hiki jalada la kutilia karatasi, hiki diski yenyewe.

Aliyetufundisha ni Musembi, fundi wetu, Mkamba mmoja mpole ambaye mradi ulimpeleka Nairobi wiki mbili akajifunze. Kuna kidude cha kushika mkononi chenye mkia, kinaitwa panya. Ukikisukuma mezani pako, mshale mdogo unakwenda ndani ya kioo. Ukiufikisha mshale juu ya jalada na kubonyeza mara mbili, linafunguka dirisha na kukuonyesha vilivyomo. Ukitaka kukihamisha kitu, unabonyeza, hukiachii, unakikokota mpaka unapotaka kukiweka. Juu kabisa zimepangwa orodha, ukiivuta moja inashuka kama pazia na kukuonyesha unayoweza kuiamuru mashine: fungua, hifadhi, chapa, zima. Na chini, pembeni kulia, pana pipa la taka.

Hilo pipa ndilo lililonimaliza.

Musembi alituambia kwamba kitu usichokihitaji unakikokota na kukitia pipani. Hilo nililishika. Ila alitufundisha na la pili: ukimaliza kazi na ukitaka diski itoke mashinani, picha ya diski nayo unaikokota na kuitia pipa lilo hilo. Mara ya kwanza nilipiga ukelele, maana diski ile ilikuwa na kazi yetu ya miezi miwili. Musembi akanicheka. Mashine ikaguna kidogo, diski ikachomoza mdomoni nzima, haikupungua hata herufi. Toka siku hiyo kila jioni naitia pipani, na kila jioni inatoka salama. Basi nami nikajiwekea moyoni kwamba pipa hili jina tu, likimeza hurudisha.

Sasa nije kwa baba. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akija Malindi kila baada ya wiki mbili kuchukua dawa za tumbo. Miguu ilikuwa imemvimba, lakini kofia yake ya kijani hakuiacha, na njia nzima atasalimia watu kama mtu anayeomba kura. Jumamosi ya tarehe kumi na moja Juni alikuja moja kwa moja ofisini. Nilikuwa peke yangu na ufunguo, namalizia taarifa ya mkubwa wetu, Bwana Gerishom. Nilimpa kiti karibu na dirisha, nikampa chai, akaanza kuniuliza habari za mashine.

Laiti ungemwona! Nilimshikisha panya, akamsukuma kwa kidole kimoja kama anayegusa mtoto mchanga, na mshale ulipokwenda akacheka mpaka akakohoa. Akauliza kama wazungu wametengeneza na paka wake. Nikamwonyesha meza, majalada, madirisha, akatikisa kichwa akasema kumbe si jambo la kutisha, ni kama chumba cha karani, tofauti ni kwamba mtu hawezi kuingia akakaa. Kisha akaniuliza kama mashine hii inaweza kumwandikia Kahindi.

Ile siku ya mwaka themanini na nne sina haja ya kukukumbusha. Unajua mwenyewe ulivyorudi umeokoka, ukakiita sanamu kijiti tulichomsimamishia babu ili roho yake ipate pa kukaa nasi, ukaking'oa na kukitupa jaani wageni wakitazama. Unajua na maneno ya baba, kwamba maadamu yu hai asikuone tena kwake. Tangu hapo jina lako halikutajwa mbele yake, na barua zako mimi na mama tulizisoma shambani. Kwa hiyo siku ile alipolitaja mwenyewe, kikombe kilinitoka mkononi.

Nilitaka kuchukua kalamu. Akakataa. Alisema ukiuona mwandiko wangu utasema Kabibi ametunga, kwa kuwa Kabibi ana huruma na mdomo. Mashine haina mwandiko wa mtu. Maneno yatakuwa ya mashine, na kidole cha chini kitakuwa chake, wala hapatakuwa na mkono wangu katikati. Alikuwa na akili baba yetu, ingawa shule aliiona kwa mbali. Akaniapisha pia kwamba barua hiyo asiisome mtu, si mama, si baba mdogo Simeon, si mtu wa kazini, mpaka iwe mikononi mwako.

Alisema kwa Kigiriama, polepole, akitazama nje, nami nilipiga kila alichosema. Pana mahali sauti yake ilitetemeka. Mimi wakati huo nilikuwa nimepotewa na herufi, naitafuta kwa macho, na vidole vikaiandika ile sentensi bila mimi kuisikia. Kaka, mpiga taipu huzoea hivyo, maneno hupita mikononi bila kuingia kichwani. Nikajiambia si kitu, nitaisoma baadaye.

Alipomaliza aliomba maji. Nikadhani ana kiu. Akayatia mdomoni, akakisogelea kile kioo, na fuu! akayapulizia maneno yake kama anavyobariki mtu anayesafiri. Jamani, nusura nizimie! Maji ndani ya mashine ya wafadhili! Nilivua leso nikafuta, huku baba akisema kwa utulivu kwamba huwezi kumbariki mtoto kwa mdomo mkavu. Mashine haikudhurika. Nilicheka na kulia pamoja.

Shida ikawa ni kuichapa. Utepe wa wino wa mashine ya kuchapia ulikuwa umekauka na mwingine ulikuwa unatoka Mombasa Jumatano. Baba hakuweza kungoja, gari la Jilore lilikuwa linaondoka. Akaomba karatasi nyeupe, akabonyeza kidole gumba kwenye wino wa mhuri wa ofisi, akakipiga chini kabisa ya karatasi. Akasema utepe ukija barua ichapwe juu ya karatasi hiyo, juu ya kidole chake, iende.

Alipoondoka niliihifadhi barua, nikaiita Randu. Ikakaa pale mezani, kipicha kidogo chenye jina la baba, peupe, kila atakayewasha mashine Jumatatu atakiona. Bwana Gerishom amekataza mambo ya nyumbani kwenye mashine ile, na Musembi hufungua kila kitu kama mtoto. Na mimi nilikuwa nimeapa. Nikafikiri, niifiche wapi?

Nikamkumbuka mama. Nawe unakumbuka walivyotuvunjia nyumba mwaka ule wa njaa. Wezi walibeba sanduku, sufuria, hata jogoo. Kitambulisho cha baba na vyeti vyetu vya kuzaliwa havikuguswa, kwa sababu mama alikuwa amevitia kwenye mtungi uliopasuka kule jaani, chini ya maganda ya muhogo. Mwizi hupekua sanduku, hapekui jaa; ndivyo mama alivyotulea, na mpaka leo hana kitu cha thamani anachokiweka ndani ya nyumba. Nikaikokota barua ya baba nikaitia pipani. Nikalifungua pipa kuhakikisha, dirisha likafunguka, nikaiona imo, Randu, imelala salama. Nikaizima mashine, nikafunga mlango, nikaenda zangu nikijiona mwerevu.

Jumatano utepe ulikuja. Niliwangoja wote watoke kwenda kula, nikaiweka karatasi ya kidole tayari, nikalifungua pipa. Lilikuwa tupu. Nikalifunga, nikalifungua tena. Nikafungua majalada yote, moja baada ya jingine, mpaka madirisha yakajaa kioo kizima na meza isionekane. Musembi aliporudi alinikuta nimeshika panya kwa mikono miwili.

Alinieleza kwa upole. Pipa lile mashine hulimwaga yenyewe, ukiizima au ukianza kazi nyingine, wala haikuulizi. Diski hutoka salama kwa sababu kule kuitia pipani ni njia tu ya kuitoa; kilichobaki chote ukikitia mle umekitupa. Alijaribu mpaka saa kumi na moja jioni, akampigia simu mwalimu wake Nairobi, akaambiwa palipokuwa na barua pameshaandikwa taarifa za mikorosho juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikaa chini sakafuni, nikaomboleza kama mtu aliyefiwa, na baba alikuwa bado hai.

Sasa nakuja kwenye kosa langu lenyewe, maana hilo la pipa ni ajali, na ajali haina kinga. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Jilore nimeazimia kumweleza, aniambie upya, safari hii kwa kalamu. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba uani. Aliponiona aliinuka kwa viwiko, na kabla hata sijamwamkia akaniuliza: "Imekwenda?" Uso wake, kaka! Nikamjibu: "Imekwenda, baba."

Akarudi akalala, akavuta pumzi ndefu, akamwambia mama amletee uji. Mama anasema ilikuwa ni siku ya kwanza katika siku tisa kuomba chakula mwenyewe. Ningemwambiaje baada ya hapo? Kila siku nilisema kesho. Naye alianza kuhesabu siku za barua kwa punje za mahindi kwenye kikombe cha bati, wiki tatu kwenda na wiki tatu kurudi, akamkataza mama kuzigusa. Alikufa Jumanne asubuhi, tarehe tano Julai. Kikombeni mlikuwa na punje kumi na saba.

Alikufa akiamini umeshaambiwa. Wakati mwingine hilo hunifariji, wakati mwingi hunichoma. Nilipoosha kile kikombe nilishindwa kuzitupa zile punje. Ninazo.

Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa kuzungumza juu ya kijiti cha baba, nani atakisimamisha. Unamjua baba mdogo Simeon. Amebatizwa kabla yetu sote, na hakuna mtu anayezilinda mila kumshinda. Alisema mwana aliyefukuzwa hasimamishi kijiti cha aliyemfukuza, labda pawe na neno la kumrudisha. Nikasema neno lipo. Akanitaka nilitoe. Nikaeleza kompyuta, nikaeleza pipa, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Mwisho akaniuliza, barua ya Randu mmeitia takani? Wazee wakatazama chini. Akasema basi Desemba atakisimamisha yeye, na mambo ya Kahindi yaishie hapo.

Hapo ndipo Musembi, kwa wema wake, aliponipa shauri. Karatasi ya kidole ninayo. Maneno nayakumbuka. Si niyapige tu juu ya kidole? Nani atajua? Kaka, sitakuficha, niliyapiga. Saa ya chakula cha mchana, siku tatu mfululizo, niliketi nikaandika, nikasahihisha, nikaandika. Yakawa mazuri, mazuri kuliko aliyoyasema mwenyewe. Nikaitia karatasi kwenye mashine ya kuchapia, nikaivuta orodha, mshale ukawa juu ya neno la kuchapa, kidole changu juu ya panya.

Nikashindwa. Nilikuwa nimeshamdanganya akiwa hai, sikuweza kumsemesha uongo akiwa kaburini kwa kidole chake mwenyewe. Na ile sentensi niliyoipiga bila kuisikia ningeijaza nini? Niliitoa karatasi nikaifunga kwenye leso.

Kwa hiyo haya ninayokuandikia sasa ni kwa mkono wangu, na mwandiko wangu unaujua. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kigiriama chake sikikumbuki neno kwa neno, na sitaki kukitunga.

Alianza kwa kukuamkia, akauliza kama huko unapata ugali. Alisema hasira aliyokufukuza nayo iliisha kabla gari lako halijafika Malindi, ila alikuwa ameshanena mbele ya watu, akaona haya kuyameza. Miaka minne ameishi na haya hiyo. Alisema hana neno nawe tena. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu alilisema mara mbili nami nikaliandika mara mbili.

Alisema kanisa lako uendelee nalo. Hakuombi umwabudu babu, anaomba umwachie pa kukaa. Akasema kijiti ulichokitupa jaani alikiokota jioni ile ile, amekiweka juu darini kwenye jiko la mama, katika moshi, mchwa wasikile, na shimo lake hakulifukia. Alitaka ukirudishe wewe kwa mikono yako. Na yeye siku zake zikifika, chake ukisimamishe wewe, si mwingine. Kisha ndipo ilipokuja ile sentensi, na baada yake akasema basi, inatosha.

Mambo ya kijiti cha babu sikuwa nimemwambia mtu, maana niliapa yafike kwako kwanza. Barua yako ilipokuja nikaona kiapo kimenishinda. Jumamosi iliyopita nilikwenda Jilore, nikamshika baba mdogo mkono, nikampeleka jikoni kwa mama. Mama alikuwa anasonga ugali. Nikanyoosha kidole juu darini. Mama akauweka mwiko chini, akaanza kulia. Alikuwa anajua. Baba alimkataza kusema mpaka utakapokuja mwenyewe.

Baba mdogo alipanda kwenye kinu akapapasa juu. Alikishusha kimefungwa katika kipande cha ile shuka ya baba ya bluu, cheusi kwa masizi, kizima. Tukatoka naye kwenda pale kilipokuwa.

Nilitazamia kukuta udongo na magugu, kwa mvua za miaka minne na kuku wa mama wanaochakura kila mahali. Shimo lilikuwa wazi, kaka. Baba mdogo alipiga magoti akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na majani makavu machache tu, ya wiki hizi saba. Kando yake lilikuwepo kopo la bati lililokunjwa mdomo, la kuchotea udongo. Ndipo mama aliposema kwamba kila baada ya mvua baba alikuwa akienda kulizoa, na mwaka huu, miguu ilipokataa, alikwenda akiwa ameketi, akijivuta.

Baba mdogo alikaa pale chini muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akasema: "Mwandikie aje. Neno la Randu nimeliona."

Basi ndiyo hayo. Ulichokitupa wewe baba alikiokota. Alichonipa mimi nikakitupa, nikidhani nakificha. Wewe una kosa lako na mimi nina langu, na langu sina wa kuniondolea isipokuwa wewe, kwani barua ilikuwa yako. Nakuomba msamaha. Ukikasirika kasirika, lakini usininyamazie, ninyi wanaume wa kwetu mnajua mno kunyamaza.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia ile karatasi. Juu yake hapana kitu, na chini kabisa kipo kidole chake, kimelala upande kidogo kwa sababu mkono ulikuwa unamtetemeka. Nimeiacha tupu kwa heshima yake. Usiandike kitu juu yake.

Mama yetu Mbeyu anakusalimu sana, na anauliza kama umeota ndevu. Baba mdogo Simeon anakusalimu, na hilo si dogo. Dada Jedida na watoto wake hawajambo, yule mdogo ameanza kutembea. Musembi hakujui lakini anakusalimu, na anaona haya kana kwamba pipa alilitengeneza yeye. Nasi tunawasalimu wenzako wote wa chumbani, tukiwaombea mitihani miepesi.

Mungu unayemwomba akulinde njiani, na maji aliyoyapuliza baba yakufikie popote ulipo, ukavu usikuguse. Alikufa akihesabu siku za jibu lako. Usilitume kwa posta. Lilete mwenyewe Desemba.

Mimi dada yako nikupendaye kwa moyo wangu wote,

Kabibi Randu

Shimo nimelifunika kwa kigae, kuku wasilichakure mpaka uje.